Riwaya Tano Zilizofika Kipsing

Niseme mapema tusipotezeane muda: huu si mwongozo. Humu hamna swali la dondoo, hamna alama 4 za kueleza muktadha, na sitakutajia tashbihi hata moja. Ni maoni tu ya mtu aliyesoma riwaya tano tangu kiangazi kilichopita, akiwa mahali ambapo nne kati ya hizo hazijawahi kupatupia hata jicho.

Mahali penyewe ni Kipsing, kaunti ya Isiolo. Ukitoka Isiolo mjini unaelekea magharibi, unapita katikati ya vilima, unaendelea na vumbi mpaka unaanza kushuku kama dereva anajua aendako. Kuna laga pana ya mchanga, kavu juu kwa miezi mingi, ina maji chini, na akina mama huchimba visima humo humo kwenye mchanga. Kuna maduka, kuna shule, kuna makanisa, kuna mahali pa kuchaji simu kwa sola. Wengi wetu ni Wasamburu, na Waturkana tunaishi nao. Kisamburu ni cha nyumbani, Kiswahili ni cha sokoni, Kiingereza ni cha barua zinazotoka serikalini. Uweke akilini huo mpangilio, nitaurejelea baadaye.

Vitabu vinafikaje? Riwaya zilizowahi kutahiniwa hazina shida. Kila mwaka mtihani wa kidato cha nne ukiisha, watoto wanazitupa kama viatu vilivyotoboka, na wauza vitabu vya mitumba wanakuuzia kwa pesa ya chai na mandazi. Zile nyingine lazima uwe na rafiki Nairobi ambaye bado anakupenda. Anatuma kwa basi hadi Isiolo, kisha boda anakuletea pamoja na sukari na unga. Mimi naishi kwa vibarua vya kuandika kwenye simu: makala za watu, maelezo ya bidhaa ambazo sijawahi kuzishika, hotuba za harusi za watu nisiowajua. Malipo yakiingia kwa M-Pesa nagawa mara tatu: bando, unga, kitabu. Kitabu ndicho kinachorukwa mara nyingi.

Na kila nikionekana nimekaa chini ya mgunga nasoma, mjomba wangu ananiuliza swali lile lile: "Unajiandaa na mtihani gani?" Anauliza kwa wema, si kwa dharau. Niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu karo ilikuwa inakimbia kuliko mbuzi wetu, na yeye anatumaini kwamba kitabu mkononi maana yake narudi. Nikimwambia hakuna mtihani, nasoma tu, ananitazama kama mtu anayechunga ng'ombe wa watu bila mshahara.

Simlaumu. Kenya tumefundishwa hivyo. Riwaya ya Kiswahili kwetu ni kitu cha kupasua kwa kisu: maudhui huku, wahusika kule, mbinu za lugha kwenye sahani ya pembeni. Ukishapata gredi, basi. Hizi tano nilizisoma bila kisu. Haya ndiyo niliyoyaona.

Siku Njema

Ken Walibora aliitoa mwaka 1996. Nakala yangu imepita mikono mingi. Pembeni mtu ameandika kwa penseli "sifa za Kongowea", mwingine "mbinu rejeshi!!" na alama mbili za mshangao, kana kwamba ameona simba.

Kongowea Mswahili anaanzia Tanga, mama yake ni mwimbaji wa taarab, mama anafariki, na kijana anatoka kumtafuta baba asiyemjua. Safari inamfikisha hadi upande wa Kitale. Ukiondoa mtihani unabaki na stori tamu ya barabarani, yenye huzuni inayouma kweli pale mwanzoni na bahati inayozidi kiasi kule mwishoni. Kuna kurasa nilitamani mambo yamshinde Kongowea kidogo zaidi. Kwa mtu anayesafiri bila pesa, milango mingine inamfungukia kwa wepesi mno.

Lakini safari hii kilichonishika ni ramani. Walibora mwenyewe hakuwa mtu wa Tanga. Alizaliwa Bungoma akakulia Cherangani, yaani kule kule anakoelekea shujaa wake. Hebu liangalie hilo. Mtu wa bara anataka kuandika riwaya ya Kiswahili, na anachofanya ni kuanzia Pwani, kisha anaileta hadithi nyumbani kwao polepole, kituo baada ya kituo. Ni kama kuingia boma la watu: unabisha hodi kwanza kwa mwenyewe. Mwenye nyumba ya Kiswahili ni Pwani, kila mtu anajua. Hata hilo jina, Mswahili, ni kama kitambulisho unachoonyesha mlangoni kabla ya kuruhusiwa kupita.

Baada ya kitabu hicho Kitale imo ndani ya Kiswahili, na mtoto wa Kitale akishika kalamu haombi tena ruhusa. Hiyo si kazi ndogo. Walibora alitutoka mwaka 2020, na nadhani bado hatujamshukuru vya kutosha kwa hiyo barabara aliyoichimba. Ila barabara yake ilikata magharibi. Ile nyingine, inayopita Thika, Nanyuki, ikateremka Isiolo, hakuna shujaa aliyepanda basi lake.

Kidagaa Kimemwozea

Ya Walibora tena, ya mwaka 2012, na hii ndiyo niliyotahiniwa. Nilikuwa naweza kukuimbia sifa za Amani hata usingizini: mvumilivu, mwenye utu, mwenye busara, alama tatu, asante.

Nilipoirudia sasa, nikiwa na miaka ishirini na kitu, nikakuta jambo ambalo hakuna mwalimu aliyeniambia lilikuwemo. Amani alikuwa chuo kikuu. Anasingiziwa, anafukuzwa, anafungwa, na anapotoka anaishia kuchunga ng'ombe wa Mtemi Nasaba Bora. Juu ya hayo, mswada aliouandika umeibwa na Mwalimu Majisifu, ndugu wa Mtemi, akauchapisha kwa jina lake na kupata sifa. Kijana aliyetoka chuo, anaandika, anakaa karibu na mifugo. Mi nikasema, hee, huyu jamaa namjua.

Ndiyo maana nina ugomvi naye. Ndani ya Kidagaa kuchunga ni kuanguka. Ni kitu kinachompata mtu mwenye akili baada ya kudhulumiwa, na msomaji anatakiwa amhurumie: tazama, msomi mzima yuko nyuma ya mikia ya ng'ombe! Huku kwetu hakuna anayehurumia mchungaji. Kaka yangu mkubwa hakukanyaga shule, na ndiye mtu ninayemheshimu kuliko wote ninaowajua. Anaweza kusimama juu ya kilima, akatazama kundi linalorudi jioni, akajua bila kuhesabu kwamba mmoja hayupo, na ni yupi, na yule huwa anapenda kupotelea wapi. Hiyo ni elimu. Haina cheti, lakini kundi zima linaitegemea.

Amani anakaa na ng'ombe wale kurasa nyingi sana, na nimefunga kitabu bila kumkumbuka hata mmoja kwa rangi yake. Kwetu ng'ombe asiye na rangi si ng'ombe, ni hesabu tu. Unamwita kwa rangi, kwa pembe, kwa mama yake alikotoka. Mwandishi akimpa mchungaji ng'ombe wasio na rangi, najua amemtazama akiwa mbali, pengine kupitia dirisha la gari.

Kwa upande wa Majisifu lakini nampa Walibora saluti. Mwizi wa mswada ni mhusika rahisi kumfanya shetani, naye hakumfanya shetani. Ni mwizi anayependa maneno, anayejua alichofanya, na pombe haimtoshi kusahau. Nimelifikiria hilo sana, kwa sababu vibarua vyangu vingi hutoka kwa majina ya watu wengine. Tofauti yangu na Amani ni kwamba mimi nalipwa. Kidogo, lakini nalipwa. Nashangaa kama na wao, huko waliko, wanalala vizuri kuliko Majisifu.

Vuta N'kuvute

Adam Shafi, 1999. Huenda unaijua kwa sababu ya filamu ya Amil Shivji iliyoonyeshwa tamasha la Toronto mwaka 2021. Tafuta kitabu pia.

Ni Zanzibar ya wakati wa Mwingereza. Yasmin, binti wa Kihindi wa miaka 15, anaozwa Bwana Raza, mzee mwenye duka. Anatoroka. Kwao wanamfungia mlango. Anapokelewa na Mwajuma, mwanamke wa Ng'ambo mwenye chumba chake na kicheko chake, na huko anakutana na Denge, aliyesomea Urusi na anayesakwa na askari wa kikoloni kwa siasa zake. Shafi anaandika Kiswahili kinachokwenda mbio kama mtu anayeshuka ngazi. Hakuna sentensi inayokusimamisha ili uisifu. Usiku wa kwanza nilisoma hadi chaji ya taa ikaisha, nikaendelea kwa mwanga wa simu.

Wengi wanaposifu kitabu hiki wanataja mapenzi na ukombozi. Mimi nilishangazwa na umbali. Yasmin anatoroka. Akishafungiwa mlango kwao, anavuka kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine, na ana maisha mapya, majirani wapya. Mji unafanya hivyo: unaweka dunia mbili zikitenganishwa na barabara moja. Riwaya nzima inawezekana kwa sababu Ng'ambo ipo.

Sasa mlete Yasmin Kipsing. Akitoka alfajiri, nyayo zake ziko kwenye mchanga, na hapa watu husoma nyayo kama unavyosoma ujumbe wa simu. Kila mchungaji njiani atamsalimu na kumuuliza yeye ni wa nani na anaenda wapi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inasema miaka 18, sawa, lakini sheria inakaa Isiolo mjini, na Isiolo ni mbali. Nani atakuwa Mwajuma wake?

Kitabu hiki nilikiazima binti wa jirani, mwanafunzi wa sekondari. Alikaa nacho wiki mbili akanirudishia kikiwa kimefunikwa kwa gazeti. Nilidhani ataniuliza habari za Denge, kwa sababu kila mtu humuulizia Denge. Akaniuliza, "Kaka, Mwajuma alikuwa analipa kodi ya chumba kwa pesa gani?"

Nimesoma makala za wasomi kuhusu riwaya za Kiswahili, na sijakutana na swali zuri kama hilo. Nilirudi kitabuni kulitafutia jibu. Shafi ametupa chumba, ametupa nyimbo, ametupa ukarimu wa Mwajuma hadi unauhisi. Hesabu ya pesa inapita haraka haraka. Kwa msomaji wa mjini si kitu, kila mtu mjini ana mbinu zake. Kwa msichana anayepiga hesabu ya kuondoka, au ya kubaki, hiyo ndiyo sura yenyewe ya kitabu, na haijaandikwa.

Peponi

Hii ilitoka Nairobi kwa basi, na nililipia bila kuruka unga, sijui muujiza ulikuwa gani mwezi ule. Ni Paradise ya Abdulrazak Gurnah, ya mwaka 1994, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupewa Nobel. Ukiisoma unasahau kwamba ni tafsiri. Watu wake wanasalimiana, wanataniana na kutukanana kama watu ambao siku zote walikuwa wakisema Kiswahili na wamechoka kujifanya Waingereza.

Yusuf ana miaka 12. Baba yake ana deni kwa tajiri wanayemwita Ami Aziz, na mtoto anachukuliwa awe rehani. Hakuna anayemwambia hivyo waziwazi. Anapandishwa treni. Anafanya kazi dukani na Khalil, ambaye naye ni rehani, na baadaye anapelekwa na msafara wa biashara bara, ndani kabisa, wakati Wajerumani wanaanza kuinyakua nchi.

Deni nalielewa. Huku deni linaweza kukaa kwenye boma mbili kwa vizazi viwili, likizaa kama ng'ombe, mpaka aliyekopa na aliyekopesha wote wamekufa na wajukuu bado wanalijua. Gurnah anajua kwamba deni halihitaji kelele. Aziz ni mpole, ananukia vizuri, hapandishi sauti. Ndiyo maana anatisha.

Kilichonikalisha chini lakini ni msafara. Mpaka pale nilikuwa natembea na Yusuf, naogopa anachoogopa. Wanaingia bara, wanapita kwa watu ambao wafanyabiashara wanawaona washenzi, wanatoa zawadi ili wapite, wanalalamika juu ya joto na wadudu. Halafu wanafika kwa mtawala anayeitwa Chatu, naye anawanyang'anya mali. Wanaona ni ukatili usio na sababu. Kumbe sababu ipo: kabla yao alikuja mfanyabiashara mwingine, akachukua mali kwa ahadi, akaenda zake bila kulipa. Chatu anadai deni lake kwa wale wanaofanana na aliyemdhulumu.

Nikaweka kitabu chini. Nikagundua kwamba kwenye stori hii mimi siko na msafara. Mimi ni mtu wa Chatu. Ni yule aliyesimama kando ya njia akiangalia wageni wanakuja na vitambaa vyao, anayejiuliza safari hii wamekuja kuchukua nini.

Na Chatu, hebu angalia, hasemi Kiswahili. Maneno yake yote yanafika kwa mdomo wa mkalimani. Tunajua hasira yake kwa kadiri mtu wa katikati alivyopenda kutupa. Gurnah anajua anachofanya. Amekiweka kisa kile pale ili utilie shaka macho ya msafara, na ni mwandishi mkubwa kwa sababu hiyo. Hata hivyo kitabu kinarudi pwani na Yusuf. Chatu anabaki kule nyuma na deni lake, na hatuambiwi jioni ile alipokaa na wake zake na wazee wake walisema nini kwa lugha yao.

Kuna mhusika mmoja alinichekesha, Kalasinga, fundi Singasinga anayesema atatafsiri Kurani kwa Kiswahili, na wenzake wanamcheka mpaka basi. Wao wanaona ni upuuzi: huyu na kitabu chetu wapi na wapi? Mimi nilikuwa upande wake. Lugha haiulizi nani amezaliwa nayo. Inauliza nani anaihitaji.

Dust

Hii ndiyo moja kati ya tano iliyokuja Kaskazini, na imeandikwa kwa Kiingereza. Yvonne Adhiambo Owuor aliiandika, na ilishinda Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 2015. Odidi Oganda anapigwa risasi mitaani Nairobi, wakati wa uchaguzi wa 2007. Mwili wake unarudishwa nyumbani, kwenye nyumba iitwayo Wuoth Ogik huko nchi kavu ya Kaskazini, na dada yake Ajany, aliyekuwa Brazil, anarudi pia. Anatokea na Mwingereza, Isaiah Bolton, anamtafuta baba yake. Polepole siri zinafukuka, za familia na za Kenya.

Nilisoma na kamusi ya simu pembeni, na si ngumu kwa sababu ya maneno tu. Sentensi zake zinakatika katika, kama mtu anayezungumza huku upepo unampuliza. Kurasa hamsini za kwanza nilitaka kuacha. Halafu nikafika mahali pana kiu, pana vumbi linaloingia kwenye chai, pana wazee wanaokaa kimya kwa muda mrefu na kimya hicho ndicho jibu. Nikajua huyu mama amekuja. Hakupitia dirisha la gari.

Nina lalamiko moja tu. Kila anayefika Kaskazini ndani ya Dust amekuja kumaliza jambo: kuzika, kuuliza, kukiri, kutafuta kaburi. Nchi yetu inakuwa stoo ambayo Kenya imefichia maiti zake, na sisi ni walinzi wa stoo. Ni kweli, siri nyingi zimezikwa huku. Lakini watu pia huzaliwa huku, huchekana, hugombania foleni ya maji. Ndiyo maana mhusika niliyempenda zaidi ni Galgalu, mchungaji wa pale nyumbani. Wengine wanafika na vilio vyao, yeye yupo tayari, ana kazi za kufanya, mifugo haingoji mtu amalize kulia. Ningeweza kumfuata kurasa mia nne bila kumtafuta Bolton yeyote.

Nilipomaliza nilijaribu kumsimulia kaka yangu. Nilianza kwa Kisamburu, nikakwama, nikahamia Kiswahili, ikaenda vizuri mpaka mwisho. Hapo ndipo wazo hili liliponijia, na ndilo lililonifanya niandike makala hii.

Lugha ya katikati

Nilikuambia uweke akilini mpangilio wa lugha zetu. Nenda soko la mifugo la Oldonyiro siku ya soko. Msamburu anauza, Msomali ananunua, Mmeru ana lori, Mturkana anashuhudia, Mborana anasema bei hiyo ni wizi. Wanasemezana kwa lugha gani? Kiswahili. Ngeli zimepinda, ni "ng'ombe yangu" na "mbuzi yake", mwalimu wako wa insha angelia. Lakini ndani ya Kiswahili hicho watu wanabembeleza, wanatishana, wanadanganya, wanaapa, wanafanya utani wa ukoo wa mtu mpaka anacheka na kushusha bei. Wizi wa mifugo unasuluhishwa kwa lugha hiyo. Ndoa za makabila mawili zinapangwa kwa lugha hiyo. Kama hiyo si mali ya riwaya, sijui riwaya inakula nini.

Kwa hiyo siamini kwamba Kaskazini haina riwaya za Kiswahili kwa sababu Kiswahili ni kigeni huku. Kipo. Tatizo ni kwamba tumeambiwa si chenyewe. Adam Shafi aliandika lugha ya mitaa yake, na Peponi imetafsiriwa kwa lugha yenye harufu ya Unguja, na hakuna aliyeita hayo makosa. Mchungaji wangu akisema "ng'ombe yangu imepotea" ndani ya kitabu, naomba mhariri amwache hivyo. Asimkalimani.

Na kuna haraka. Mradi wa LAPSSET ulipozinduliwa Lamu mwaka 2012, ndani yake kulikuwa na mpango wa miji ya kitalii, mmoja ukiwa Isiolo, kwenye eneo linaloitwa Kipsing Gap. Mji mzima, umepangwa kwenye karatasi, kwenye nchi tunayolishia. Bado naona migunga tu na mbuzi. Ila nikikumbuka vitabu vyote nilivyosoma, maandishi marefu kuliko yote niliyowahi kukuta yakiitaja Kipsing ni ya mipango kama hiyo, kwa Kiingereza, na ndani yake hakuna mtu mwenye jina. Hata ng'ombe mwenye rangi hayupo. Ni msafara wa Ami Aziz, safari hii umekuja na ramani. Mahali pasipokuwa na hadithi yake ni rahisi kupaita patupu, na mahali patupu hupangiwa mambo.

Simwambii mtu aje kutuandika. Wageni wametuandika, wengine vizuri, kama nilivyosema. Ninachotaka ni ile sura iliyokosekana ndani ya Peponi: msafara umeondoka, vumbi limetulia, Chatu amekaa chini na watu wake, na mara hii anasema mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha sokoni kilichopinda, nani alimdai na nani alimlipa. Pamoja na hesabu ya kodi ya Mwajuma, tafadhali, mpaka senti ya mwisho. Kuna msichana hapa anaisubiri.

Mjomba ameniuliza tena jana naandika nini. Nimemwambia ni habari za vitabu. Akafikiri kidogo, akauliza kama ndani yake kuna mtu anayechunga. Nikamwambia wako wawili, mmoja ng'ombe wake hawana rangi. Akasikitika kweli kweli, kama amesikia ukame. "Sasa," akasema, "akipotea mmoja atajuaje?"